Mficha Maradhi: Mjadala wa Korona kutoka Wetherill Park hadi Dar es Salaam

Ndugu wasomaji, vitabu vya historia ya Sydney huanza na bandari, na watalii huonyeshwa daraja na ufukwe wa Bondi. Lakini atakayekaa chini siku moja kuandika historia ya korona katika mji huu, itambidi apande basi aje huku kwetu magharibi, kwenye halmashauri ya Fairfield, hadi Wetherill Park penye maghala na viwanda. Kwani ni huku ambako mwaka 2021 neno "afya" lilikuja na maana nyingi kwa wakati mmoja: foleni ya kupimwa, askari mlangoni, sindano, faini, na kwa baadhi yetu, jeneza lililozikwa mbele ya watu wachache.

Makala hii haikusudii kufukua machungu. Tunataka kuweka kumbukumbu sawa. Tangu mwaka 2020 watu wamebishana juu ya korona na afya: je, ugonjwa ulikuwa hatari kweli, au hatari ilikuwa kufungiwa? Je, chanjo iliokoa au iliumiza? Sisi Waswahili wa ughaibuni tuliusikia ubishi huo kwa masikio mawili. Sikio moja lilisikiliza mkutano wa kila asubuhi wa waziri mkuu wa jimbo la New South Wales, na la pili lilisikiliza simu za nyumbani. Si ajabu kwamba mara nyingi tulilala tumechanganyikiwa.

Kwanza tuwaeleze wasioijua Wetherill Park. Iko katika halmashauri ya Fairfield, si mbali na bwawa la Prospect, na eneo lake la viwanda likiunganishwa na la jirani zetu wa Smithfield ni mojawapo ya makubwa katika Australia nzima. Hapa hupakiwa na kupakuliwa vyakula, dawa, samani na vifaa vya ujenzi vinavyotumiwa na mji wote. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta watu zaidi ya 208,000 katika halmashauri ya Fairfield, na wengi wao, zaidi ya nusu, wamezaliwa nje ya Australia. Wavietnamu na Wairaki ndio wanaosikika zaidi mitaani, na kati yao tumo na sisi tuliotoka Maziwa Makuu na pwani ya Afrika Mashariki. Kazi nyingi za huku ni za mikono na miguu: kupanga mizigo, kusafisha, kuendesha malori, kuhudumia wazee. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kompyuta mezani nyumbani. Msomaji aishike hoja hii, maana ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

Ubishi juu ya maradhi ya kuambukiza haukuanza na korona. Mwaka 1900 tauni iliingia Sydney kupitia bandarini. Watu 303 waliugua na 103 wakafa. Serikali ilizungushia kamba mitaa ya watu wa hali ya chini kama The Rocks, nyumba zikafukizwa dawa na nyingine zikabomolewa. Mwaka 1919 ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Jimbo la New South Wales liliamuru watu wavae barakoa, likafunga shule, makanisa na kumbi za starehe, na zaidi ya watu 6,000 wa jimbo hili walipoteza maisha. Hata wakati ule wapo waliolalamika kwamba amri zimezidi, na viongozi wa dini walipinga kufungiwa nyumba za ibada.

Nako kwetu, kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1869, James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, alihoji wasafiri wa misafara ili ajue ugonjwa umepita njia gani, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1876. Alitambua jambo ambalo ni kweli hadi leo: maradhi hufuata njia za kazi na biashara. Palipo na misafara ndipo yanapopita. Wetherill Park ni kituo cha misafara ya karne hii, tofauti ni kwamba ngamia na wapagazi wamegeuka malori.

Korona ilithibitishwa Australia tarehe 25 Januari 2020, na mipaka ya nchi ikafungwa kwa wageni tarehe 20 Machi mwaka huo huo. Mwaka wa kwanza ulipita kwa unafuu kuliko nchi nyingi. Hata hivyo jina la Wetherill Park lilianza kutajwa mapema, Julai 2020, pale maambukizi yalipozuka katika mkahawa mmoja ndani ya kituo cha maduka cha hapa. Maambukizi zaidi ya 100 yalihusishwa na mnyororo huo. Ulidhibitiwa kwa kupima watu kwa wingi na kufuatilia waliokutana nao, bila kuufunga mji mzima.

Wakati huo nyumbani mambo yalikwenda njia mbili. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na kabla mwezi haujaisha ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, amri iliyodumu hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Uganda ilifunga shule kwa muda mrefu kupindukia, na watoto wengi hawakurudi madarasani kikamilifu hadi Januari 2022. Tanzania nayo ilimtangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, ikafunga shule, lakini mwishoni mwa Aprili ikaacha kutoa takwimu, hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Mei Rais John Magufuli akasema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na majibu yakaonyesha vina korona. Mwezi Juni akatangaza kwamba sala za Watanzania zimeuondoa ugonjwa. Januari 2021, akiwa Chato, akawaonya watu juu ya chanjo za wazungu.

Hatuandiki haya ili kumsema aliyetangulia mbele ya haki. Magufuli alikuwa na hoja moja ambayo haikuwa ya kupuuzwa: kwamba mama ntilie na mchuuzi wa Kariakoo, anayekula jioni alichokipata mchana, hawezi kufungiwa ndani kama mfanyakazi wa ofisini. Kosa halikuwa kuuliza swali hilo. Kosa lilikuwa kuzima taa ili jibu lisionekane. Takwimu zilipokoma, watu walianza kufa kwa "changamoto ya upumuaji", na kila mtu alielewa maana ya maneno hayo bila kuelezwa. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wiki chache kabla kwamba ana korona. Siku hiyo hiyo akafariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Baraza la Maaskofu Katoliki lilikuwa limeshawaonya waumini juu ya wimbi jipya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi hebu fikiri hali ya familia ya Kiswahili hapa Sydney mwaka ule. Asubuhi daktari mkuu wa jimbo, Kerry Chant, anasoma idadi ya wagonjwa. Jioni shangazi kutoka nyumbani anatuma ujumbe wa sauti: jifukizeni, kunyweni tangawizi na malimau, na msikubali sindano. Shangazi ndiye aliyetulea, na Kerry Chant hatumjui. Wataalamu wengi waliuita mkanganyiko huo "upotoshaji" na wakaishia hapo. Sisi tunaona ndani yake swali la ujamaa na imani: mtu humwamini kwanza anayemjua. Nyungu ya mvuke inafungua pua na kumliwaza mgonjwa, lakini haiui kirusi, na mwenye kuiegemea peke yake anajichelewesha kwenda hospitali. Hilo linapaswa kusemwa kwa adabu na mtu anayeheshimika nyumbani, si kwa kipeperushi kilichotafsiriwa na mashine.

Tarehe 16 Juni 2021 dereva wa gari la abiria aliyehusika na wasafiri wa uwanja wa ndege aligundulika ana korona ya aina ya Delta. Yeye na maambukizi ya kwanza walikuwa upande wa mashariki, kwenye mitaa ya Bondi. Tarehe 26 Juni Sydney yote ikafungwa. Ndani ya wiki mbili kirusi kilikuwa kimehamia huku kwetu, kikifuata misafara ya kazi kama Christie alivyokwisha kuona. Tarehe 9 Julai polisi wa ziada wapatao 100 wakaletwa kusini magharibi mwa Sydney. Tarehe 13 Julai ikatolewa amri kwamba mkazi wa Fairfield anayefanya kazi nje ya halmashauri apimwe kila baada ya siku tatu. Usiku ule ule magari yalipanga foleni ya masaa mengi, watu wakiwa na sare za kazi na chakula cha zamu kwenye mifuko. Wenye mamlaka walikuwa wamewataka maelfu ya watu wapimwe kabla ya vituo vya kuwapima kutosha.

Baada ya hapo amri zilikuja moja juu ya nyingine. Tarehe 17 Julai wakazi wa Fairfield, Liverpool na Canterbury-Bankstown wakakatazwa kutoka katika halmashauri zao kwenda kazini, isipokuwa wenye kazi zilizoruhusiwa. Ujenzi ukasimamishwa. Tarehe 2 Agosti wanajeshi wapatao 300 wakaanza kuwasaidia polisi kukagua nyumba. Halmashauri zilizowekwa kwenye orodha ya wasiwasi zikafikia 12, na kuanzia tarehe 23 Agosti zikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Huko mashariki, penye ufukwe, hakukuwa na amri hiyo wala wanajeshi. Picha za watu wakiota jua Bondi zilionyeshwa kwenye televisheni, na mameya wa magharibi walilalamika hadharani kwamba Sydney imegawanywa miji miwili.

Hapo ndipo mjadala wa afya ulipogeuka kuwa mjadala wa haki. Serikali ilikuwa na hoja: huku ndiko wagonjwa walikuwa wengi zaidi, na hospitali zilikuwa zikijaa. Hiyo ni kweli na hatuwezi kuikana. Lakini wengi wetu tulikimbia nchi ambazo mwanajeshi mlangoni hakuja kukuuliza kama una homa. Mama aliyepita Uvira au Bujumbura katika miaka ya vita, akigongewa mlango na mtu mwenye sare, haoni mhudumu wa afya. Mtu mwenye hofu hafungui mlango, na asiyefungua mlango hapimwi. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha afya peke yake, hatua hiyo ilikuwa na gharama yake.

Mjadala wa chanjo nao tuuandike kwa haki. Australia ilichelewa kupata dozi za Pfizer za kutosha. AstraZeneca ilikuwepo, lakini ilionekana kusababisha, kwa nadra sana, damu kuganda kwa namna ya hatari. Mwezi Aprili 2021 washauri wa serikali walisema Pfizer ipendelewe kwa walio chini ya miaka 50. Mwezi Juni wakasema 60. Kisha tarehe 24 Julai, Delta ikiwa imepamba moto, wakawashauri watu wazima wote wa Sydney wafikirie kwa dhati kuchoma chanjo yoyote iliyopo. Kisayansi hakuna kigeugeu hapo: hatari ya ugonjwa ilipopanda, mizani ilihama. Lakini maelezo hayo yalihitaji subira na lugha ya mama, na vyote viwili vilikuwa haba. Aliyesikia nusu yake alielewa kwamba dawa iliyokatazwa jana leo inalazimishwa.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, watu wa magharibi walichanjwa. Mwezi Agosti zilipopatikana dozi milioni moja za Pfizer kutoka Poland, zaidi ya nusu zilielekezwa kwa vijana wa miaka 20 hadi 39 wa halmashauri zetu 12, na vijana walikwenda. Misikiti na makanisa viligeuka vituo vya chanjo. Amri ya usiku iliondolewa tarehe 15 Septemba, na tarehe 11 Oktoba 2021, asilimia 70 ya watu wazima wa jimbo walipokuwa wamekamilisha dozi mbili, milango ikafunguliwa. Nyumbani nako upepo ulikuwa umegeuka. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani Dar es Salaam, siku chache baada ya dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson kuwasili. Askofu na mbunge Josephat Gwajima aliipinga chanjo mimbarini, na waziri wa afya, Dkt. Dorothy Gwajima, akamjibu. Watanzania wakapata hata jina rasmi la ugonjwa katika lugha yao: UVIKO-19. Mjadala uliozimwa ulianza tena kwa sauti, nasi tunasema hiyo ilikuwa dalili ya afya.

Sasa, takwimu zilisema nini vumbi lilipotulia kidogo? Idara ya takwimu ya Australia ilionyesha mwanzoni mwa mwaka 2022 kwamba waliozaliwa nje ya nchi walikufa kwa korona kwa kiwango cha takriban mara tatu ya waliozaliwa hapa, baada ya kusawazisha umri. Mitaa ya watu wenye kipato cha chini nayo ilipoteza watu takriban mara tatu kuliko mitaa ya wenye nacho. Wapo waliosema sababu ni mila zetu, kwamba tunapenda kutembeleana na kuishi wengi nyumba moja. Ni kweli tunaishi bibi, wazazi na watoto chini ya paa moja, na si aibu. Lakini kirusi hakikuzaliwa sebuleni. Kiliingia na mtu aliyetoka zamu ya usiku, kwenye ghala lililokuwa likihakikisha kwamba waliofungiwa nyumba za mashariki wanapata mkate na dawa zao.

Kufungiwa nako kuliumiza, na anayekana hilo hakuwa na watoto wanne na kompyuta moja. Watoto walipoteza miezi ya masomo. Wazee walinyong'onyea kwa upweke. Misiba ya Bukavu, Mombasa na Tabora ilihudhuriwa kwa simu, na kilio kisichokuwa na matanga hubaki kifuani. Wapo pia waliopona korona lakini uchovu, kifua kubana na usahaulifu vikabaki kwa miezi au miaka, na kwa mfanyakazi wa kubeba mizigo hali hiyo ni kupoteza riziki. Tena tusisahau kwamba mwaka 2022, baada ya Omicron kuingia na amri nyingi kuondolewa, Australia ilizika watu wa korona wengi kuliko miaka ya 2020 na 2021 ikijumlishwa. Tofauti ni kwamba kufikia hapo walio wengi walikuwa wamechanjwa, na bila chanjo hesabu ingekuwa nzito zaidi.

Kuhusu faini, mahakama ilitoa somo. Mwezi Novemba 2022, katika kesi iliyofunguliwa kwa msaada wa kituo cha sheria cha Redfern, serikali ya jimbo ilikubali kwamba baadhi ya faini za korona hazikuandikwa kisheria, na faini 33,121 zikafutwa kwa siku moja. Mwezi Novemba 2024 zilizobaki, zaidi ya 23,000, nazo zikaondolewa. Aliyekuwa ameshalipa alirudishiwa pesa yake. Usingizi alioukosa hakuna ofisi inayourudisha.

Wachunguzi nao wamesema yao. Ripoti huru iliyoongozwa na Peter Shergold mwezi Oktoba 2022 ilieleza kwamba hatua nyingine zilipita kiasi na kwamba wanyonge ndio waliobeba mzigo mkubwa. Uchunguzi wa serikali kuu uliotolewa tarehe 29 Oktoba 2024 ulikiri kwamba Australia ilifanya vizuri kuliko nchi nyingi, lakini imani ya wananchi ilimomonyoka, na katika dharura ijayo watu hawatakubali kirahisi kama walivyokubali mara ile. Maneno hayo tungeyaandika ukutani. Chanjo inaweza kuagizwa Poland, lakini imani haiagizwi popote.

Tukiziweka hadithi hizi mbili sambamba, ya Wetherill Park na ya Dar es Salaam, tunaona kwamba upungufu wa kila upande ulikuwa ni ule ambao mwingine alikuwa nao. Tanzania ilimkumbuka mchuuzi lakini ikaficha hesabu. New South Wales ilitoa hesabu kila asubuhi bila kukosa, lakini ikachelewa kumkumbuka mchuuzi wake, yaani mfanyakazi wa zamu wa Fairfield. Afya ya umma inahitaji vyote: ukweli usiofichwa, na riziki ya yule anayeombwa abaki nyumbani. Ukitoa kimoja tu, watu watakufa ama kwa kutojua au kwa kutoweza.

Ndugu wasomaji, gonjwa jingine litakuja, kama tauni ilivyoifuata bandari na kipindupindu misafara. Tuna mambo matatu ya kufanya kabla halijafika. La kwanza, wauguzi na madaktari wanaozungumza Kiswahili tuwajue kwa majina sasa, watembelee vikao vyetu wakati hakuna dharura, ili siku ya dharura wasiwe wageni. La pili, tuwape shangazi zetu nyumbani habari sahihi kwa upole badala ya kuwacheka, kwani ujumbe wao utaendelea kufika. La tatu, waliofanya kazi kwenye maghala mwaka 2021 waandike, au wasimulie vijana waandike. Kumbukumbu za serikali zitaeleza nani alipimwa na nani alitozwa faini. Kwamba ni hao hao waliolisha mji huu ulipokuwa umejifungia, hilo lisipoandikwa na sisi halitaandikwa.